Gauni kuukuu halifi lote: ninavyoshona vibanio vya nywele

Wateja wangu wengi hapa Mtwara huanza kwa kuomba radhi. Mtu anatoa gauni kwenye mfuko huku akiangalia pembeni: "Fundi, limechakaa kweli, sijui kama litafaa." Mimi hulichukua, nikalipeleka mlangoni na kulinyoosha mbele ya jua. Gauni kuukuu halifi lote kwa pamoja. Hufa makwapani, hufa kolani, hufa pale pa kukalia. Upindo wa chini na ubavuni, hasa kwa ndani, mara nyingi bado pana rangi ya siku lilipotoka dukani. Kazi yangu ni kutafuta palipo hai.

Mwanga wa jua hausemi uongo. Panapopitisha vitone vya mwanga pameshaliwa, hata kama rangi inapendeza. Hapo usikate, utashona leo na kesho mshono utachanika kando ya uzi.

Kibanio ninachokizungumzia ni kile cha kitambaa chenye marinda na lastiki ndani. Mmarekani Rommy Revson alipata hataza yake, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, mwaka 1987, baada ya kuchoshwa na vibanio vilivyomharibu nywele, na wazo alilitoa kwenye kiuno cha suruali yake ya kulalia. Kwa hiyo tunapochukua nguo ya zamani na kuivalisha kichwani hatujavumbua jambo geni.

Ukanda wa mtu mzima naukata upana sentimita 10, urefu 50. Ukipunguza sana, marinda yanakuwa haba na lastiki inajichora kama mbavu za mbuzi wa kiangazi. Mtoto anatosheka na 7 kwa 35. Wala ukanda si lazima utoke kipande kimoja. Unga viwili, hata vitatu, viungo vitajificha ndani ya marinda.

Nakunja ukanda kwa urefu, uso kwa uso, nashona sentimita 1 kutoka ukingoni, kisha naugeuza kwa pini kama utumbo. Satini ndiyo inayosumbua, inateleza chini ya mguu wa cherehani kama pweza. Weka kipande cha gazeti chini yake, shona vyote pamoja, halafu chana gazeti. Na badilisha sindano: namba 14 unayoshonea vitenge itavuta nyuzi za satini, weka namba 11.

Sasa lastiki, na hapa nina ukali kidogo. Kitambaa kiwe kuukuu, lastiki iwe mpya. Nilipoanza, nilichomoa lastiki kwenye viuno vya sketi za mitumba, nikajiona mjanja wa kubana matumizi. Joto letu, jasho na mafuta ya nazi vilizimaliza haraka. Vikarudi vibanio ishirini vimelegea kama mlenda, nikavirekebisha vyote bure. Siku hizi nakata lastiki mpya ya milimita 6, urefu sentimita 18 hadi 20. Aliyesuka rasta nene namwongezea.

Wengi hufunga fundo. Mimi sifungi. Fundo linafanya kinundu kinachong'ang'ania nywele fupi za kisogoni, na siku likifunguka kibanio kimekwisha. Napandanisha ncha mbili kwa kama sentimita 1 na nusu. Cherehani yangu ya miguu haina zigizaga, basi napita mistari mitatu, nikigeuza kazi kila nikifika mwisho. Ivute kwa nguvu kabla hujafunga kitambaa. Ikikatikia mkononi mwako, afadhali.

Watu huniuliza kama satini ya mitumba ni hariri. Satini ni namna ya kufuma tu. Uzi wenyewe mara nyingi ni polista. Chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe kiberiti: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, polista hujikunja na kuacha kishanga kigumu. Polista haina ubaya kwa nywele, inateleza na haizisugui, lakini haipumui. Ndiyo maana kofia za kulalia nazishona tabaka mbili, satini ya gauni kwa ndani, khanga iliyolainika kwa nje.

Wanaovaa ushungi ni habari nyingine. Kibanio chenye marinda mengi kinainua mtandio kama kichuguu, na satini inauteremsha. Hao nawakatia fulana. Kata ukanda kwa upana wa fulana, uvute, utajikunja wenyewe kama kamba laini. Ni kazi ya dakika moja.

Msimu wa korosho ukifunguka, kuanzia Oktoba, watu wanashika hela na kununua nguo mpya, na za zamani zinaniangukia mimi. Khanga ndizo nyingi, nazo ndizo zinazotaka akili, kwa sababu khanga inasema. Mama mmoja aliniletea khanga yenye jina HASIDI HANA SABABU, akataka bendi ya kichwa ya binti yake wa miaka minne. Nikaona herufi nyeusi zitapendeza, nikaukata ukanda papo hapo kwenye maandishi bila kusoma kwa umakini. Mtoto akavalishwa, akapelekwa harusini. Juu ya paji la uso, wazi kabisa: HASIDI. Sababu ilikuwa imebaki kwenye makapi mezani kwangu. Mama alirudi Jumatatu akiwa kati ya hasira na kicheko, na bendi nikaishona upya kwa mji wa vitone, yaani sehemu ya katikati isiyo na neno.

Tangu hapo jina nalikata kwa ruhusa tu. Mwezi uliopita alikuja bibi kutoka Mikindani na khanga iliyochujuka, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nataka vya wajukuu wanne. Ila jina usiliguse."

"Sitaligusa, bibi. Mji wake je?"

"Na mji uache. Bado najitanda."

Nikaipima. Pindo za ubavuni, kushoto na kulia, kila moja ilikuwa na urefu wa zaidi kidogo ya mita 1. Ukanda wa sentimita 10 kila upande, ukiukata katikati, unatoa vibanio viwili. Pande mbili, vinne. Nikakunja kingo mpya na kuzishona, nikaipiga pasi. Bibi akajitanda palepale, khanga imepungua shubiri moja na jina lake liko kamili mgongoni, vibanio amevivaa mkononi kama bangili.