Malaki na Mathayo juu ya familia: ukinzani ni nini hasa?

Kauli mbili hupingana pale zinaposema jambo lile lile, kwa maana ile ile, na moja ikiwa kweli nyingine lazima iwe uongo. Masharti hayo yasipotimia, tunabaki na ukinzani wa juujuu: maneno yanagongana, maana hazigongani.

Chukua habari ya familia. Malaki 4:6 inaahidi kwamba Eliya ataigeuza mioyo ya baba kwa watoto na ya watoto kwa baba zao, na Luka 1:17 inampa Yohana Mbatizaji kazi hiyo. Halafu Yesu, yule ambaye Yohana alimtengenezea njia, anasema, katika Mathayo 10:34, kwamba hakuja kuleta amani bali upanga. Tena mstari wa 35 unataja mwana na baba, binti na mama. Haya, tumshike nani?

Kwanza tuulize huo upanga umeshikwa na nani. Sura ya 10 ni maagizo kwa wanafunzi wanaotumwa, na mstari wa 21 umeshasema ndugu atamtoa nduguye auawe. Mwanafunzi ndiye anayetolewa. Na siku mmoja wao alipochomoa upanga wa kweli, aliambiwa aurudishe mahali pake (26:52). Kwa hiyo, ingawa kauli ina sura ya kusudi, naisoma kama matokeo: ndivyo itakavyokuwa nyumbani mmoja akiamini na wengine wakakataa. Luka 12:51 hata haitaji upanga, inataja mafarakano.

Maneno yenyewe, tena, yametoka Mika 7:6. Mika hakuwa akiagiza watu wagombane. Alikuwa akililia jamii iliyooza mpaka mtu anachunga ulimi mbele ya mke wake. Kwake vijana ndio wanaowainukia wazee. Luka anaongeza upande wa pili, baba juu ya mwana pia, na hesabu yake ni ya watu watano: baba, mama, mwana, binti na mke wa mwana. Mama ndiye huyo huyo mama mkwe. Watatu kwa wawili.

Mgumu zaidi, kwangu, ni Luka 14:26, unaodai mtu "amchukie" baba na mama. Hapo husaidia Mwanzo 29: mstari wa 30 unasema Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea, na unaofuata, kwa Kiebrania, unasema Lea "alichukiwa". Kuchukiwa huko ni kuwekwa nafasi ya pili. Mathayo 10:37 inalisema wazo hilo bila ukali: "kuliko mimi".

Yesu mwenyewe hayo yalimpata. Yohana 7:5 inasema ndugu zake hawakumwamini. Matendo 1:14 inawakuta ndugu zake pamoja na mama yake, wakisali na wale mitume kumi na mmoja.