Betri ya 100 haikupi saa mbili ziwani

Mtu anayetaka kufunga mota ndogo ya umeme kwenye boti yake huniletea hesabu iliyokwisha kukamilika. Mota inakula ampea 50 ikifunguliwa yote, betri imeandikwa ampea-saa 100, mia ukigawa kwa hamsini unapata saa mbili, na saa mbili zinatosha kutoka ufuo wa Dunga, kuzunguka Hippo Point na kurudi kabla upepo wa alasiri haujachafua maji. Kwangu anataka jina la duka tu. Hesabu hiyo si ya kweli, na nimeisikia mara nyingi mno hapa Kisumu kutoka kwa wavuvi wa ndoano, waongoza watalii na hata wauzaji wa betri, hivi kwamba nimeona heri niiandike kwa urefu, ili anayefuata aisome kabla hajatoa pesa zake.

Nianze na lililo jepesi. Betri ya kuwashia gari, iwe N50 au N70, si ya kazi hii. Ndani yake mna pleti nyingi nyembamba, zilizopangwa hivyo ili zitoe mamia ya ampea kwa sekunde chache na kisha zirudishiwe chaji na alteneta papo hapo. Ukiichosha mpaka nusu kila siku, unga wa madini ya risasi ulioshikamana na pleti hulegea na kuanguka chini ya kasha, na baada ya muda mfupi betri inayoonyesha volti 12.6 asubuhi haiwezi kusukuma mota hata robo saa. Namba kubwa ya ampea za kuwashia iliyochapishwa ubavuni haikuhusu. Unachotafuta ni betri yenye pleti nene, ile ambayo wengi wetu tunaiita betri ya sola. Zile zilizoandikwa kwamba ni za kuwashia na za kazi ndefu pia ziko katikati, na kwa mota ya boti sizipendekezi ikiwa ya sola inapatikana.

Sasa tuje kwenye ile 100 yenyewe, maana hapo ndipo watu wanapopotea hata wakiwa wamenunua betri iliyo sahihi.

Ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri ya risasi na asidi si lita za maji ndani ya mtungi, kwamba ukichota haraka au polepole utapata zile zile. Ni kipimo kilichofanywa kwa mwendo fulani wa kutoa umeme, na kwa kawaida mwendo huo ni wa saa 20. Betri ya 100 ilitoa ampea 5 kwa saa 20 mpaka volti zikafika 10.5, kiwango cha kuhesabiwa tupu, na hapo ndipo mtengenezaji alipopata haki ya kuandika 100. Hakuahidi chochote kuhusu ampea 50. Tena zipo betri za sola ambazo namba yake imepimwa kwa saa 100, jambo linaloifanya ionekane kubwa zaidi bila pleti kuongezeka hata moja. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, tafuta karibu na namba hiyo herufi C inayofuatwa na 10, 20 au 100, yaani saa za kipimo hicho. Betri mbili zilizoandikwa 100, moja ya C10 na nyingine ya C100, si ndugu.

Kwa nini mwendo uwe na maana kubwa hivyo? Umeme hutokana na asidi kukutana na risasi, na sehemu kubwa ya risasi hiyo imo ndani ya vitundu vidogo vya pleti. Ukivuta ampea 5, asidi mpya inapata nafasi ya kupenya vitunduni na kuchukua mahali pa ile iliyotumika. Ukivuta 50, asidi iliyo karibu inakwisha kabla nyingine haijafika, volti zinaporomoka, na mota inalegea ingawa katikati ya kasha bado mna asidi nzuri. Mjerumani Wilhelm Peukert aliliandikia jambo hili kanuni mwaka 1897, na mpaka leo ndiyo tunayotumia. Kanuni hiyo ina kipeo, namba inayoonyesha jinsi muda unavyopungua kwa kasi ampea zikiongezeka, ambacho kwa betri za risasi huwa kati ya 1.1 na 1.3 hivi. Nikichukua 1.2, betri ya 100 iliyopimwa kwa saa 20 inadumu kama saa 8 na dakika 40 kwa ampea 10, saa 3 na dakika 45 hivi kwa ampea 20, na kwa ampea 50 inadumu dakika 76. Dakika hizo 76 ni ampea-saa 63, si 100. Na hizo 63 ni za kuiua kabisa betri mpya, jambo ambalo hupaswi kulifanya hata mara moja.

Hapa inaingia kanuni ya pili, kwamba betri ya risasi isishushwe chini ya nusu ikiwa unataka ikae miaka. Nusu ya nini basi? Mafundi wengine wanachukua nusu ya 63 na kupata dakika 38. Wengine wanasema, na kikemia wana haki, kwamba chaji isiyotoka kwa kasi ile haikupotea: iache betri ipumzike, asidi isambae, na utaweza kuendelea kuivuta polepole, kwa hiyo nusu ya kweli ni ampea-saa 50, yaani saa nzima. Vitabu vingi vinapita juu ya jambo hili kana kwamba halina ubishi. Mimi nahesabu dakika 40, si kwa sababu nina uhakika na kipeo cha 1.2, kwa kuwa wauzaji wa hapa karibu kamwe hawakitaji na chenyewe hubadilika kadiri betri inavyozeeka, ila kwa sababu makosa yote mengine, kama vile waya dhaifu, chaji isiyojaa na joto, yanaelekea upande mmoja tu, upande wa kukupunguzia muda.

Kutokana na hayo linafuata jambo ambalo wateja hulipokea kwa mashaka: betri mbili zinakupa zaidi ya maradufu. Ukiziunganisha sambamba, kila moja inatoa ampea 25 badala ya 50, na kwa kipeo kile kile muda wa kuzimaliza unapanda kutoka saa 1 na robo hadi karibu saa 3. Vivyo hivyo, kupunguza mwendo kunalipa kuliko kununua betri kubwa. Boti nzito inayopasua maji huhitaji nguvu nyingi mno kwa kila ongezeko dogo la kasi, takriban kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo nusu ya kasi inaweza kuhitaji kiasi cha moja ya nane ya nguvu. Chunguza hata hivyo mota uliyo nayo ni ya aina gani. Zile za swichi yenye gia tano mara nyingi hupunguza mwendo kwa kupitisha umeme kwenye koili inayougeuza kuwa joto, na akiba yake ni ndogo kuliko ya zile zinazokata umeme kwa vipande vya haraka.

Kuhusu ukubwa wa mota sitakaa sana. Kwa volti 12, kila ratili ya msukumo hula ampea moja hivi, kwa hiyo mota ya ratili 30 ni ampea 30 na ya 55 ni kama 50. Ukifika ratili 80 utahitaji volti 24, na hilo si hasara, kwa sababu nguvu ile ile hupita kwa nusu ya ampea.

Lithiamu? Ndiyo, ikiwa mfuko unaruhusu. Aina ninayozungumzia ni ile iliyoandikwa LiFePO4, ya volti 12.8. Betri yake ya 100 ina uzito wa kilo 12 hivi, wakati ya risasi inakaribia 30, na kwenye boti ndogo tofauti hiyo ni ya mtu kuona kwa macho jinsi ubavu unavyokaa majini. Kipeo chake kiko karibu na 1.05, kwa hiyo kwa ampea 50 ile hesabu ya saa mbili inakaribia ukweli, na hata ukibakiza sehemu ya tano una saa moja na nusu. Ila uliza saketi ya ulinzi iliyo ndani inaruhusu ampea ngapi mfululizo. Saketi ya ampea 50 kwenye mota ya ampea 50 inaweza kukata umeme ghafla, pengine ukiwa katikati ya gugumaji, bila ule ulegevu wa taratibu ambao betri ya risasi hukuonya nao. Volti zake pia hazikwambii kitu, kwa kuwa hukaa karibu na 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari. Nunua mita inayohesabu ampea-saa. Sina imani na maisha ya mizunguko 2,000 na zaidi yanayotajwa kwenye makasha yasiyo na jina la mtengenezaji wa seli. Huenda ni kweli kwa seli nzuri, lakini kasha lililofungwa kwa gundi haliniruhusu kuona ni seli gani zimewekwa.

Betri kuukuu zilizotolewa kwenye minara ya simu ziache, isipokuwa muuzaji akubali uzipime kwa mzigo mbele yake.

Waya unaweza kukunyang'anya yote uliyoyalipia. Betri ikikaa mbele na mota nyuma, mita 3 kwenda na 3 kurudi, waya wa soketi za nyumba wa milimita 2.5 za mraba utapoteza kama volti 2 kwa ampea 50 na utapata moto wa hatari. Wa 16 hupoteza theluthi moja ya volti. Tumia 16, na fyuzi ya ampea 60 iwe karibu kabisa na kichwa cha chanya.

Paneli ya wati 100 hairudishi ampea-saa 50 kwa siku moja. Kwa jua zuri la Kisumu utapata 25 hadi 30, na betri ya risasi inayolala ikiwa nusu kila usiku hujenga ukoko wa salfeti kwenye pleti usioondoka tena. Chaji kwa umeme wa stima usiku ule ule, mahali penye hewa, mpaka ijae.

Mwisho, usichukue hesabu zangu peke yake. Funga boti kwenye nguzo ufuoni, weka mota majini kwa mwendo unaoutumia kila siku, tazama saa, na kila baada ya dakika 10 zima upime volti baada ya dakika chache. Betri ya risasi iliyotulia kwa saa kadhaa husoma 12.2 ikiwa nusu. Baada ya dakika chache tu itasoma chini kidogo ya hapo, kwa hiyo ukikomea 12.2 uko upande salama. Mota ya boti iliyofungwa hula ampea zaidi kidogo kuliko ya boti inayotembea, hivyo muda utakaoupata ni wa chini. Asubuhi mapema, upepo wa nchi kavu ukiwa unasukuma kuelekea ziwani, theluthi ya dakika hizo ni ya kwenda na mbili ni za kurudi, na kafi iwe ndani ya boti hata hivyo.