Je, wajua kwa nini mpira wa polepole ndio humtesa mdakaji wa besiboli?

Bob Uecker, mdakaji wa zamani, alikuwa na ushauri wake kuhusu kudaka nakoboli, yaani ule mpira wa polepole unaotupwa karibu bila kuzunguka: usubiri mpaka mpira uache kubingirika, kisha uuokote. Watu walicheka, lakini mzaha ule ulikuwa na uchungu ndani yake. Mwaka 1967 alipokuwa timu ya Atlanta akimdakia Phil Niekro, mrushaji wa nakoboli, Uecker aliongoza ligi yake kwa mipira iliyompita mdakaji.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, ambaye ni wa timu ya mrushaji. Mpira wa kasi hufika kwa takriban kilomita 150 kwa saa. Nakoboli hujikokota kwa kilomita 105 hadi 120. Sasa mtu anayedaka ule wa 150, huu unamshinda nini?

Unamshinda kwa sababu hauzunguki. Mpira wa kasi huondoka mkononi ukizunguka kwa kiwango cha zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na mzunguko huo huupa njia inayotabirika. Mdakaji akiuona unavyotoka, keshajua utaishia wapi; glavu inatangulia kwa mazoea. Nakoboli, ijapokuwa jina lake linatokana na vifundo vya vidole, wengi huishika kwa ncha za vidole, kucha zikiwa zimekita kwenye ngozi, kisha huusukuma mpira bila kuuzungusha. Hadi unafika, huenda umejigeuza mara moja tu, au hata hiyo moja haikutimia.

Hapo ndipo mishono inapoanza vituko. Mpira wa besiboli una mishono 108 ya uzi uliotuna juu ya ngozi, na hewa haipiti penye uzi kama inavyopita penye ulaini. Basi mpira husukumwa kando. Ukizunguka upesi, misukumo hiyo hufutana. Usipozunguka, mmoja hushinda, na mpira ukijigeuza kidogo tu, mshono unahama na msukumo unahama nao. Mashabiki huapa kwamba nakoboli hupepea kama kipepeo. Mwanafizikia Alan Nathan alipochunguza vipimo vya kamera za viwanjani, alikuta njia yake ni nyoofu karibu sawa na ya mipira mingine. Shida ni kwamba huu utakwepea kushoto na unaofuata kulia, na hata aliyeutupa hajui.

Golikipa aliyewahi kupigiwa friikiki isiyozunguka anaelewa. Ila golikipa anaweza kuupangua kwa ngumi ukatoka nje, yakaisha. Mdakaji akiukosa, wapinzani walioko kwenye vituo, wanavyovizunguka kutafuta pointi, husogea mbele. Kibaya zaidi, mpigaji aliyekosa mara ya tatu, ambaye kwa haki alishatolewa, mara nyingi huruhusiwa kukimbilia kituo cha kwanza kama mpira haukudakwa. Yaani mrushaji kashinda, na ushindi wenyewe umegeuka balaa.

Wazoefu husema usiufuate. Ngoja hadi mwisho kabisa, mkono ukiwa umelegea, na kifua kiwe ukuta. Baltimore walijaribu njia ya mkato mwaka 1960: kocha Paul Richards alimtengenezea mdakaji wa Hoyt Wilhelm, mrushaji wa nakoboli, glavu pana kama ungo, hadi baadaye kanuni ikaweka kikomo cha inchi 38 kuizunguka. Geno Petralli wa Texas, aliyemdakia mrushaji mwingine wa nakoboli, Charlie Hough, alipitwa na mipira 35 mwaka 1987.

Boston nao waliona cha moto mwaka 2006. Walikuwa wamemuuza Doug Mirabelli, mdakaji wa akiba ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumdakia Tim Wakefield, mrushaji wao wa nakoboli. Aliyechukua nafasi, Josh Bard, alipitwa na mipira 10 ndani ya mwezi mmoja. Tarehe 1 Mei wakamrudisha Mirabelli kutoka San Diego, siku ileile Wakefield alipokuwa anawakabili Yankees wa New York. Polisi walimsindikiza kutoka uwanja wa ndege, naye akavalia jezi ndani ya gari ili awahi mchezo. Boston walishinda 7–3.