Alama za SAT Zinapokuwa Chini ya Alama za Mazoezi

Kila matokeo ya SAT yanapotoka, wanafunzi wanaoomba kujiunga na vyuo vikuu vya Marekani hufika katika dawati letu la ushauri wa udahili pamoja na wazazi wao, wakiuliza inawezekanaje mtu aliyepata alama 1390 nyumbani apate 1300 siku ya mtihani. Wengine huwa wameshajihukumu kuwa hawana akili ya kutosha, na wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto alizembea. Kabla ya kumlaumu yeyote, ni vema kuichunguza kwanza ile alama ya nyumbani, kwa kuwa mara nyingi tatizo limo humo.

Tumchukue mtahiniwa wa mfano aliyefanya mitihani mitano ya mazoezi na kupata 1290, 1350, 1310, 1390 na 1280. Akiulizwa kiwango chake atajibu 1390, kwa sababu ndiyo alama iliyomfurahisha na ndiyo aliyowaambia wazazi. Wastani wake, hata hivyo, ni 1324. Ile 1390 aliipata siku ambayo vifungu vya kusoma vilihusu mambo anayoyafahamu na majibu mawili matatu ya kubahatisha yakawa sahihi. Akipata 1300 katika mtihani halisi, yeye huhesabu kwamba amepoteza alama 90, ilhali yuko chini ya wastani wake kwa alama 24 tu. Tabia hii ya matokeo ya juu kupita kawaida kufuatwa na matokeo yaliyo karibu zaidi na wastani ilielezwa na Francis Galton mwaka 1886, alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao, nayo si dalili kwamba uwezo wa mtu umeshuka.

SAT hutolewa alama kuanzia 400 hadi 1600, na hakuna alama hata moja kati ya hizo isiyo na kosa la upimaji. Mwanafunzi yuleyule, mwenye maarifa yaleyale, akipewa toleo jingine la mtihani wiki inayofuata, anaweza kupanda au kushuka kwa makumi kadhaa ya alama. Ndiyo maana College Board, taasisi inayoumiliki mtihani huu, huonyesha katika ripoti ya matokeo kiwango cha chini na cha juu ambamo uwezo wa mtahiniwa unakadiriwa kuwamo. Nawasihi wazazi wasome sehemu hiyo kabla ya kusema lolote kwa mtoto.

Zipo pia sababu zinazotokana na namna mazoezi yalivyofanyika, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi zaidi. Tangu mwaka 2023, watahiniwa walio nje ya Marekani hufanya SAT kwenye kompyuta, na kila sehemu kati ya sehemu zake mbili imegawanywa katika moduli mbili. Kusoma na Kuandika kuna maswali 27 kwa dakika 32 katika kila moduli. Hisabati ina maswali 22 kwa dakika 35. Majibu ya moduli ya kwanza ndiyo yanayoamua kama moduli ya pili itakuwa ngumu au rahisi zaidi, na anayepelekwa kwenye ile rahisi hawezi kuzifikia alama za juu kabisa za sehemu hiyo hata akijibu vizuri. Kwa hiyo anayeanza kwa kubabaika hulipa gharama kubwa kuliko anayebabaika mwishoni, jambo ambalo mazoezi ya karatasi zilizochapishwa hayawezi kulionyesha. Ukiongeza kwamba mtahiniwa wetu wa mfano alisimamisha saa ili apokee simu, au alirudia maswali aliyokwisha kuyaona, utaona kwamba ile 1390 haikupima kitu kilekile.

Wanafunzi wengi wa shule zetu wamelelewa pia katika desturi ya mtihani wa utamilifu, ambao walimu huutunga kwa ugumu wa makusudi ili watahiniwa wajihimu zaidi. Mwanafunzi wa namna hiyo hutarajia kwamba alama za mtihani halisi zitapanda, na zisipopanda huumia mara mbili. Mitihani ya mazoezi iliyomo katika Bluebook, programu ya College Board inayotumika kufanyia SAT kwenye kompyuta, haikutungwa kwa nia hiyo. Imekusudiwa kufanana na mtihani wenyewe.

Hofu nayo ina nafasi yake. Mawazo ya wasiwasi huchukua sehemu ya kumbukumbu ambayo mtu angeitumia kushika hatua za hesabu au hoja ya kifungu, hasa anaposoma kwa Kiingereza ambacho si lugha yake ya kwanza na ana wastani wa sekunde 71 kwa kila swali. Aliyesafiri usiku kucha kwa basi kukifuata kituo cha mtihani huongeza uchovu juu ya hofu hiyo. Inasaidia kujua kwamba kila moduli ina maswali mawili yasiyohesabiwa, yanayojaribiwa kwa ajili ya mitihani ijayo: swali linaloonekana la ajabu huenda ni mojawapo, na kulipotezea dakika tatu ni hasara.

Uamuzi wa kurudia mtihani utokane na ulinganisho sahihi. Ikiwa matokeo yako karibu na wastani wa mazoezi, kurudia bila kujifunza jambo jipya hakutaleta tofauti kubwa. Ikiwa yako chini kwa alama 100 au zaidi, na mazoezi yalifanywa kwa kufuata muda wa mtihani, kuna sababu ya kuamini kwamba siku ile ilikuwa mbaya. Vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu hata kama zilipatikana katika mitihani tofauti, ingawa si vyote, hivyo masharti ya kila chuo yasomwe kabla ya kulipa ada ya pili.

Kwa maandalizi yajayo, mwanafunzi aandike katika daftari tarehe ya kila zoezi, saa aliyoanza, kama alilimaliza kwa mkao mmoja na kama maswali yalikuwa mapya kwake. Mazoezi yasiyotimiza masharti hayo yabaki kuwa ya kujifunzia tu, na wastani wa matatu ya mwisho yaliyoyatimiza ndiyo alama ya kuwaambia wazazi.