Mshauri Rika wa Saratani ya Matiti: Kazi Yake, Mipaka Yake na Fomu Zake

Kila mwezi wa Oktoba, mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya matiti, unapokaribia, dawati letu la ushauri nasaha hospitalini hapa Kampala hupata wageni wa aina mbili. Kuna akina mama waliomaliza matibabu ya saratani ya matiti, wanakuja kuuliza watawasaidiaje wenzao walio wodini. Na kuna ndugu wa wagonjwa, wanakuja kuwashtaki hao akina mama. Mwaka huu wageni wa aina ya pili wamezidi, ndiyo sababu nimeombwa kuandika.

Mashtaka yenyewe hayapishani sana. Mgonjwa ameacha tamoksifeni, kidonge cha homoni cha kuzuia saratani isirudi, kwa kuwa mwenzake kamwambia kidonge hicho kinakula kizazi. Picha ya kifua kilichopasuliwa imetumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kabla ya magharibi imeshafika kijijini kwao. Mama mwingine kachangishwa ada ya kujiunga na kikundi kisicho na hata daftari. Sidhani kama kuna hata mmoja kati ya walioshtakiwa aliyekusudia ubaya. Lakini mgonjwa akishalala na dripu mkononi, nia njema ya aliyeketi kando yake haimtoshi.

Hospitali haiwafukuzi wanaotaka kusaidia, kama inavyosemwa mitaani. Tunawahitaji kuliko wanavyojua. Daktari wa saratani ana foleni ndefu mlangoni, na atakueleza dawa, tarehe na vipimo. Hatakwambia kwamba mkojo utakuwa mwekundu siku ya ile dawa nyekundu ya kemo (dawa kali za kuua saratani), usije ukapiga yowe chooni ukidhani ni damu. Hatakwambia unyoe kichwa mapema, maana nywele huanza kung'oka wiki ya pili au ya tatu, na kuziokota kwenye mto asubuhi kunauma kuliko kunyoa. Hatakwambia kwamba mdomo utakuwa na ladha ya chuma na ukiona hivyo ujaribu kijiko cha plastiki. Mama mmoja aliwahi kuwafundisha wenzake pale kwenye benchi kuwa ukikatwa titi la kushoto, kwenye teksi ya abiria kumi na wanne ukae dirisha la kushoto, upande wenye kidonda ugusane na ukuta wa gari na si na kiwiko cha jirani. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuyaona hayo katika kitabu cha uuguzi.

Pwani wana kungwi, Waganda wana ssenga, shangazi anayemfunda binti kabla ya ndoa. Kwa kemo hakuna ssenga. Aliyepita njia hiyo ndiye anayebaki kuwa ssenga wa mwenzake. Sisi kwenye makaratasi tunamwita mshauri rika. Wagonjwa wenyewe humwita "mwenzangu", na nadhani wametushinda kwa jina.

Jambo hili si geni hapa Uganda, kwa hiyo nashangaa tunapolishika kama geni. Mwaka 1987, UKIMWI ulipokuwa hautajwi kwa jina, TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, iliundwa na watu ambao wengi wao walikuwa wameguswa na ugonjwa huo nyumbani mwao. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya akasimama hadharani akasema anao, na nchi nzima ikamsikiliza. Tulijifunza wakati ule kwamba mgonjwa humwamini mgonjwa. Kwa saratani ya matiti, wanawake waliougua wenyewe walianzisha chama cha UWOCASO mwaka 2004. Na nje ya bara hili, Terese Lasser alipokatwa titi huko New York mwaka 1952 alianza kuwatembelea wanawake wengine hospitalini, akiwaonyesha mazoezi ya mkono na jinsi ya kuvaa.

Sasa, faida yake ni ipi hasa? Hapa watu wetu hutia chumvi. Nimesikia mtu akitangaza katika mkutano kwamba kikundi kinaponya. Mwaka 1989 watafiti wa Stanford walichapisha matokeo kwamba wanawake ambao saratani yao ya matiti ilikuwa imesambaa, wakikutana kikundini kila wiki, waliishi muda mrefu kuliko wasiokutana. Dunia ikafurahi. Mwaka 2001 utafiti mkubwa zaidi wa Kanada, wenye wanawake 235, haukuona siku za ziada. Ulichoona ni kwamba waliokuwa kikundini walipungukiwa na dhiki ya moyo na hata maumivu waliyasikia kidogo zaidi, hasa wale walioanza wakiwa na dhiki kubwa. Hilo linatosha, halihitaji kupambwa.

Kuna faida nyingine ninayoiona kliniki: mgonjwa mwenye mwenzake hurudi siku aliyopangiwa. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021 kuhusu saratani ya matiti, liliweka lengo kwamba angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yote yanayopendekezwa. Mtu anayetoka Koboko au Kisoro, anayetakiwa kemo kila baada ya siku 21, kisha mionzi Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, ana sababu mia za kutorudi. Nauli imekwisha. Hana pa kulala Kampala. Mahindi yanaozea shambani. Mume ameanza kununa. Simu ya jioni kutoka kwa mwenzake, "Mama, kesho tunaonana saa mbili pale kwenye mizani," imewarudisha wengi ambao barua zetu zisingewarudisha.

Tuje kwenye mipaka. Mshauri rika hapangi dawa, haachishi dawa, halinganishi dozi. Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Dawa iliyokusaidia wewe huenda haimhusu jirani yako kabisa, kwa sababu vipimo vya uvimbe wake vimetoka tofauti na vyako. Hilo la tamoksifeni na kizazi lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana linasadikika. Dawa hiyo huongeza kidogo hatari kwenye ukuta wa mji wa mimba, hasa kwa waliokoma hedhi. Daktari analijua, amelipima dhidi ya hatari ya saratani kurudi, na bado amekuandikia umeze kila siku kwa miaka 5, wengine 10. Ukiona damu isiyo ya kawaida, njoo useme. Usimpigie mwenzako akakuruhusu kuacha.

Majani ya mstafeli nayo, yanayosemwa mitaani kuwa yanatibu saratani. Sina ugomvi na mstafeli, tunda lake nalila. Lakini kuchemsha majani ukanywa lita nzima katikati ya kemo, wakati ini linahangaika kuzishughulikia dawa za hospitali, halafu ukaficha, ni kumfunga daktari kitambaa machoni. Anaona vipimo vya damu vimeharibika na hajui amlaumu nani. Na lile la "kisu kinaamsha kansa" naomba tulizike mwaka huu. Wanaofika kwetu uvimbe ukiwa umeshapasuka wenyewe wengi hawajawahi kuguswa na kisu chochote. Walichelewa kwa kukiogopa.

Jambo moja la kitabibu tunalomkaririsha kila mshauri rika mpaka aliseme usingizini ni homa. Mgonjwa wa kemo akifikisha nyuzi 38, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, aje hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane, hata kama ni sikukuu. Asimeze Panadol akasubiri kuche. Asitumwe kwanza kupima malaria dukani. Chembe nyeupe za damu zinakuwa chini siku hizo, na maambukizi madogo yanaweza kumuua kwa saa chache. Anayetaka kuwa mshauri rika na kukumbuka kitu kimoja tu, akumbuke hicho.

Kuhusu siri nitarefusha kidogo, kwa kuwa asilimia kubwa ya muda wangu unaishia hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Anayezipata au kuzifichua kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi pointi 240 za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000, yaani jumla shilingi milioni 4.8, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Sheria haiulizi kama ulituma picha "ili kuwatia moyo wengine". Malalamiko hupelekwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Nasi watumishi wa hospitali tumo humo humo, msidhani tumejitoa.

Kwa vitendo ni hivi. Picha ya mgonjwa haipigwi bila ridhaa yake ya maandishi, na ridhaa aliyoitoa leo anaweza kuiondoa kesho. Namba yake haiingizwi kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa. Akishaingizwa, watu hamsini wanajua anaumwa nini. Mume naye haambiwi kitu na mshauri rika. Najua wako akina baba watakaokasirika wakisoma hapa, na baadhi yao wamegonga meza yangu. Mke akitaka ajue, mke atamwambia, na tutakuwepo kumsaidia kusema kama anahitaji. Wapo wanawake ambao siku mume alipojua ndiyo siku waliyofungashiwa virago. Wapo pia waume waliolala sakafuni chini ya kitanda cha wodi miezi miwili. Nao wanahitaji wa kuongea naye, tena mwanamume mwenzao.

Lugha ni mlima mwingine. Kampala tunasahau kwamba si kila mgonjwa anasema Luganda au Kiingereza. Wako wakimbizi wa Kongo kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, wako wake za askari, wako wafanyabiashara wa Busia na watu wa West Nile. Kwao Kiswahili ndicho cha kuelewana. Nimemwona mtoto wa kiume, bado wa shule ya msingi, akimtafsiria mama yake neno "titi litaondolewa", huku anatazama viatu vyake. Tangu siku hiyo mshauri rika anayejua Kiswahili kwangu ni dhahabu. Ila naye si mkalimani wa fomu ya upasuaji. Ridhaa ya upasuaji inaelezwa na daktari kupitia mkalimani aliyekubaliwa. Yeye anamshika mgonjwa mkono.

Limebaki jambo ambalo mafunzo yetu huligusa juu juu, na nakiri ni kosa letu. Kuna siku mwenzenu atakufa. Kikundi cha watu kumi kinachokutana chini ya mwembe kitampoteza mmoja, na wengine tisa watatazama kiti chake na kuhesabu. Vikundi vingi huvunjika wiki ile. Vinavyodumu ni vile vinavyomtaja marehemu kwa jina, vikaenda mazishini kama vingekwenda vya munno mukabi, vile vikundi vya kusaidiana katika misiba, vikarudi wiki inayofuata na kulia kabla ya kuzungumzia nauli. Pia kuna yule ambaye saratani imerudi ikafika mifupani. Tukiwaita watu "manusura" na kuwapigia makofi, yeye hukaa nyuma karibu na mlango. Mshauri rika mzuri huenda akakae naye kule nyuma. Na mshauri akirudiwa na ugonjwa mwenyewe, anapumzishwa kutembelea wagonjwa, siyo adhabu. Anapewa mwenzake wa kumsikiliza.

Sasa utaratibu. Kwetu tunampokea aliyetimiza mwaka mmoja tangu amalize kemo au mionzi. Vidonge vya homoni havihesabiwi, maana tungesubiri miaka 10. Wanaume waliougua wanakaribishwa, nao wapo, ingawa wachache. Mafunzo ni siku 5 mfululizo, na asiyefika siku ya usiri anarudia zote. Fomu ni tatu: ya maombi, ya kiapo cha usiri, na ya ridhaa ya mgonjwa. Hiyo ya tatu inasainiwa kabla ya kukutana mara ya kwanza, nakala mbili, moja kwenye faili na moja anakaa nayo mgonjwa. Asiyesoma asomewe kwa lugha anayoielewa mbele ya shahidi, aweke dole gumba. Fomu ya Kiswahili ipo, iulizieni. Kila ziara iandikwe kwenye rejista kwa namba ya mgonjwa, si kwa jina. Hakuna michango, hakuna kuuza chochote wodini, hata sidiria za kushonwa, ambazo nyingine ni nzuri sana. Zileteni dawatini tuzigawe. Nauli inarejeshwa. Najua boda boda hawatoi risiti, kuna karatasi ya kusaini badala yake.

Fomu zinatolewa Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa saba. Njoo na kadi ya kliniki na nakala ya kitambulisho cha taifa au cha ukimbizi. Picha za pasipoti hazihitajiki. Tumebandika tangazo mlangoni tangu mwaka jana, na bado bahasha zinaingia na picha nne nne.