Je, wajua kwa nini blanketi la viraka linakunjamana kwenye cherehani inayoshona mashati vizuri tu?

Blanketi langu la kwanza la viraka lilitoka limejikunja kama karatasi iliyolowa mvua. Nilikuwa na mabaki ya vitenge, fundi wa mtaani kwetu alinipa mfuko mzima bure, nikayakata miraba, nikaunganisha, nikaweka sponji nyembamba katikati na khanga kuukuu kwa chini, afu nikaanza kupitisha mistari ya kushikilia hayo matabaka yote matatu. Kacherehani kenyewe kalikuwa kapya, ka plastiki, kameandikwa aina 32 za mishono kwenye boksi, hadi maua kanashona. Nafika mwisho wa mstari wa kwanza nakuta kitenge cha juu kimebaki kirefu vidole vitatu kuliko khanga ya chini, na vyote nilivikata sawasawa kwa rula.

Nikajua mkono wangu mbovu. Kumbe shida ilikuwa chini ya sindano.

Angalia pale kwenye kibati, ile sahani ya chuma sindano inapoingilia, utaona vijino kama vya msumeno vinachungulia, mafundi wanayaita meno tu. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono uone yanachofanya: yanapanda, yanasukuma kitambaa kwenda nyuma, yanazama, yanarudi mbele kwa chini ambako huyaoni, yanapanda tena. Hatua nne mshono mmoja umepita. Huo utaratibu ni wa Mmarekani mmoja, Allen Wilson, aliupatia hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) mwaka 1854 na mpaka leo cherehani nyingi za nyumbani zinatembea hivyohivyo. Sasa ona, meno yapo chini peke yake. Juu kuna mguu wa chuma, laini, kazi yake kugandamiza basi. Kwahiyo kitambaa cha chini kinavutwa na meno, cha juu kinaburuzwa tu na mwenzake huku kimekanyagwa kichwani, lazima kichelewe.

Kinachelewa kiasi gani? Tuseme mshono mmoja ni milimita 2.5 na cha juu kinabaki nyuma kwa sehemu ya kumi ya milimita, kitu ambacho jicho halioni kabisa. Blanketi la mita moja na nusu lina mishono 600 kwa mstari mmoja, zidisha hapo, milimita 60. Sentimita sita! Kwenye shati huoni kitu kwa sababu mistari ni mifupi, vitambaa ni viwili vyembamba na fundi mzoefu anaviongoza kwa vidole huku anapiga stori na mteja. Ukiweka sponji katikati ndo balaa, kitambaa cha juu kinakaa kama mtu aliyelala juu ya godoro, meno yanahangaika huko chini yeye hana habari.

Ndo maana mtu akiniuliza anunue cherehani gani aanze kushona kwilti, yaani hili blanketi la viraka (wazee wa Pwani wana neno lao, mfarishi) huwa namwambia aachane kwanza na idadi ya mishono. Katika ile 32 yangu nimewahi kutumia miwili. Kazi ya viraka karibu yote ni mshono ulionyooka, na ukitaka ushahidi angalia Wamarekani, ambao hii kazi wameifanya miaka na miaka, cherehani wanayoililia mpaka leo ni Singer 221, inajulikana kwa jina la Featherweight, ilitoka mwaka 1933, ina kilo tano hivi, na inashona mbele na nyuma, kunyooka tu, zigizaga hakuna. Kabibi kamezidi umri wa bibi yangu na bado wanakagombania.

Na si mapenzi ya vitu vya zamani tu, kuna sababu ya kiufundi. Cherehani ya zigizaga kibati chake kina tundu refu la mlalo, maana sindano inacheza kushoto na kulia. Ile ya kunyooka tu ina kitundu cha duara, sindano inapita na nafasi inabaki ndogo sana. Wewe kwenye viraka unaanza mshono pembeni kabisa ya kipande kidogo, mara nyingi penye ncha kali ya pembetatu, sindano ikishuka kwenye tundu pana inazama na kile kincha, nyuzi zinajisokota huko chini, ndo hapo utasikia mtu analalamika cherehani inakula kona. Kama unayo ya zigizaga tayari usiitupe, anzia mshono kwenye kijitambaa cha kutupa afu uunge kiraka chako hapohapo bila kukata uzi, kona haitaliwa. Cherehani nyingine pia unaweza kuinunulia kibati cha tundu dogo, ila ukishakifunga usije ukasahau ukaweka zigizaga, sindano itagonga chuma na vipande vitakurukia.

Kitu cha pili ni robo inchi. Viraka vinaunganishwa kwa pindo la robo inchi, milimita sita na ushee, na hapa uvivu unajilipa wenyewe. Ukiwa na vipande kumi kwenye mstari una maungio tisa, kila ungio linakula kitambaa pande mbili, ukizidisha milimita moja tu kila upande umepoteza milimita 18, mstari wa pili ukiwa sahihi havikutani tena. Kwahiyo ukiwa dukani uliza kama kuna mguu wa robo inchi wa hiyo cherehani. Usipokuwepo bandika utepe kwenye kibati kwa kupima na rula, inatosha kabisa, mi ndo nafanya hivyo.

Turudi kwenye lile tatizo la juu kuchelewa. Dawa yake ni mguu unaotembea. Ni kidude kikubwa kibaya cha sura, kina meno yake kwa chini na kamkono pembeni kanakokaa juu ya skrubu inayobana sindano. Kale kamkono kanapanda na kushuka na sindano, na ndiko kanakoyafanya meno ya mguu yang'ate kitambaa na kusogea pamoja na meno ya chini. Juu na chini vinatembea sambamba. Pfaff nyingine, chapa iliyoanzia Ujerumani, zinakuja na kifaa cha namna hiyo kimejengewa ndani kabisa, ila bei yake tusiongelee. Cha kuangalia kabla hujanunua ni kama shina la cherehani yako, pale mguu unapofungwa, ni fupi au refu, maana mguu wa shina fupi haukai kwenye shina refu. Bebea mguu wako wa zamani dukani ulinganishe.

Huna huo mguu? Legeza presha ya mguu wa kawaida, kwenye cherehani nyingi nyeusi kuna skrubu juu ya kichwa, ilegeze kidogo ili isikandamize sana, afu piga bandi kwanza, matabaka yote, mistari mirefu ya mkono kila baada ya upana wa kiganja. Inachosha lakini ndo njia ya zamani na inafanya kazi.

Afu kuna nafasi ya shingo. Hii watu wanaikumbuka wakiwa wameshalipa. Pima kutoka kwenye sindano mpaka kwenye nguzo ya kulia, cherehani nyingi za nyumbani ni kama sentimita 16 au 17. Blanketi la kitanda lenye upana wa mita mbili, ukitaka kushona katikati, mita nzima na sponji yake inabidi ikunjwe kama mkeka ipite kwenye hako kaupenyo. Hata ile Featherweight hapa inafeli, shingo yake fupi zaidi, wengi wanaunganishia viraka tu. Zipo zilizotengenezwa kwa kazi hii zina sentimita 20 na kuendelea, ila kwa anayeanza mi nasema shona la mtoto kwanza, mita moja kwa mita moja, shingo yoyote itavumilia.

Kwa huku kwetu sasa, kabla hujakimbilia ofa ya plastiki, zungukia mafundi uulize nani anauza ile nyeusi ya miguu. Singer, Butterfly, zile zenye mkanda wa ngozi. Chuma kizito, haitembei mezani ukivuta blanketi, tundu dogo la duara, spea zipo kila kona, sindano ni zilezile za HAx1 zilizoandikwa kwenye vipakiti, chukua namba 80 ya kuunganisha viraka na 90 ya kupitia matabaka. Umeme ukikatika wewe unaendelea. Mikono yako yote miwili iko huru, kitu ambacho ile ya kuzungusha kwa mkono haikupi, mkono wa kulia umefungwa kwenye gurudumu na blanketi linataka kuongozwa na miwili. Ukichoka kukanyaga fundi anakufungia mota pembeni. Kama unawaza siku moja kuchora maua kwa mshono huru, kusukuma blanketi wewe mwenyewe upande wowote, uliza kama meno yanashuka, nyingine zina kitufe au skrubu, nyingine hazina na itabidi uyafunike.

Ile ya kiwandani waachie wenyewe kwanza. Zina nguvu kweli, ila nyingine zinafika mishono 5,000 kwa dakika, mwanafunzi akigusa pedali kitambaa kimeshatoka nje ya meza.

Ukienda kujaribu usikubali kile kipande cha jinzi (kitambaa cha suruali za jeans) wanachoonyeshea watu, jinzi inashoneka kirahisi maana ni ngumu na haitelezi. Nenda na vipande vyako, kitenge, sponji, khanga, vyote sentimita 50 kamili, vilaze kama blanketi, shona kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuvuta kwa mkono, afu angalia mwisho vimepishana kiasi gani. Muuzaji akikukatalia kujaribu kwa vipande vyako, aga uondoke.

Mi nilipofanya hivyo kwenye nyeusi ya shangazi, bila mguu unaotembea, presha nimelegeza, vilipishana unene wa kucha. Nikamwachia kale ka plastiki, anashonea mapazia na anasema ni kazuri sana.