Paulo na Yakobo Hawagombani: Dhana Potofu Kuhusu Imani na Matendo

Kila darasa la kipaimara na kila mjadala wa baada ya ibada hatakosekana mtu mwenye Warumi 3:28 mkono mmoja (Paulo: mtu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, kwa imani pasipo matendo ya sheria) na Yakobo 2:24 mkono wa pili (mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake), akiuliza kama aliyefumania: "Sasa tumfuate nani?" Swali ni zuri. Kinachochosha ni kwamba muulizaji amesoma aya hizo mbili tu, tena zikiwa picha za WhatsApp.

"Yakobo anampinga Paulo."

Anza na Yakobo 2:14, polepole. Biblia ya Union inasema: "mtu akisema ya kwamba anayo imani, lakini hana matendo? Je! Ile imani yaweza kumwokoa?" Maneno mawili yamebeba hoja nzima: *akisema*, na *ile*. Yakobo haulizi kama imani inaokoa. Anauliza kama ile ya mdomoni inaokoa, ya mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, huku yeye hatoi kitu. Aya ya 19 anaionyesha imani hiyo ilipo: mashetani nao wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Fundisho lao halina kosa hata moja. Paulo naye, anapotaja imani, anazungumzia kumtegemea Kristo, na katika Wagalatia 5:6 anaieleza mwenyewe: "imani itendayo kazi kwa upendo". Neno ni lilelile, vitu ni viwili.

Halafu kuna Ibrahimu, ambaye wote wawili wanamwita shahidi. Hapa chukua penseli uandike umri wake pembeni ya ukurasa; bila hivyo utapotea. Anatoka Harani akiwa na miaka 75 (Mwanzo 12:4). Anaamini na kuhesabiwa haki katika 15:6. Ishmaeli anazaliwa baba akiwa na 86. Anatahiriwa akiwa na 99. Isaka anazaliwa baba akiwa na 100, na kufikia sura ya 22, baba anapokwenda kumtoa sadaka, mtoto ana nguvu za kubeba kuni mlimani. Paulo amesimama kwenye sura ya 15, na hoja yake katika Warumi 4:10 ni ya kalenda: haki ilihesabiwa kabla ya tohara, na ukipiga hesabu ni zaidi ya miaka 13 kabla. Yakobo amesimama kwenye sura ya 22, na anasema maneno ya sura ya 15 ndiyo yaliyotimizwa pale madhabahuni. Paulo anauliza mtu anaingilia mlango gani. Yakobo anamtafuta aliyesema ameshaingia, mbona haonekani ndani.

Hata Martin Luther alijikwaa hapa. Katika Agano Jipya lake la Kijerumani la 1522 aliuita Yakobo waraka wa majani makavu, na kwenye Warumi 3:28 akaongeza neno "pekee", ambalo Kigiriki hakina. Mwaka 1530 alilitetea akisema ndivyo Kijerumani kinavyosemwa. Mahali pekee katika Agano Jipya ambapo "imani peke yake" imeandikwa hivyo ni Yakobo 2:24, na hapo inakanushwa. Wapenda mabango wakumbuke hilo.

"Matendo ya sheria ni wema wowote." Katika Wagalatia ugomvi ni wa tohara, wa nani anakula na nani, na wa kushika siku. Warumi 4:4 inapanua hoja: ujira wa kazi ni deni, si neema. Lakini hakuna mahali Paulo anapodharau wema wenyewe. Ukinukuu Waefeso 2:8-9, tafadhali usifunge kitabu kabla ya aya ya 10, ambako tumeumbwa katika Kristo "tutende matendo mema".

"Wakatoliki wanafundisha kununua mbingu kwa matendo." Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, 13 Januari 1547, kanuni ya kwanza kabisa kuhusu kuhesabiwa haki, unamlaani anayesema mtu aweza kupata haki kwa matendo yake bila neema ya Kristo. Tofauti na Walutheri zipo, hasa kuhusu stahili, yaani kama matendo mema humstahilisha mtu thawabu mbele za Mungu. Ila tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Roma na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba Mungu hutupokea kwa neema tu, si kwa stahili yetu.

"Mwizi msalabani hakutenda lolote." Soma Luka 23:40-42. Alimkemea mwenzake, akakiri kosa lake, akamtetea Yesu mbele ya umati unaodhihaki. Kwa mtu aliyefungwa mikono na miguu, ulitaka afanye nini zaidi?

"Nimeokoka, kwa hiyo ya zamani yamefutwa, hata madeni." Hii ndiyo ya hatari mitaani. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Luka 19, aliahidi nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne alichodhulumu. Walawi 6:5 ilitaka aliyekiri kosa arudishe kitu chenyewe na sehemu ya tano juu yake. Zakayo alijipimia kiwango cha mwizi wa kondoo katika Kutoka 22:1. Walokole wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walilielewa hili bila darasa: mtu akiokoka, alirudisha alichoiba na kulipa anachodaiwa. Kwa hiyo andika majina na kiasi, anza na deni lenyewe kabla ya nyongeza, na umpelekee mwenyewe mkononi. Ushuhuda utolewe Jumapili inayofuata.